Tulimlipa mtu atupangie menyu tu ya tovuti ya kanisa, hiki ndo tulichopata

Naandika hii kwa sababu wakati natafuta mtu wa kutusaidia sikukuta popote mtu ameelezea kwa Kiswahili hii huduma ikoje. Wote wanaongelea kutengeneza tovuti nzima, rangi, picha, domeini, basi. Sisi tovuti tulikua nayo tayari, inafunguka vizuri, picha nzuri za kwaya zipo, tatizo mtu akiingia hajui aende wapi. Kwahiyo tukatafuta mtu ambae kazi yake ni kupanga tu njia za ndani, yani menyu, nini kikae juu nini kikae chini, peji gani iitwe jina gani. Jina lake sitalitaja maana nina malalamiko nayo pia, na sijamuomba ruhusa. Nitamuita dada wa menyu.

Mi ndo nashika tovuti ya kanisa letu, kwa kujitolea, kazi yangu ni nyingine kabisa. Na nikiri mapema, pale kwenye kikao iliposemwa tumlipe mtu apange menyu nilikua wa kwanza kupinga. Menyu? Maneno kumi na tatu yanapangwa na mtu wa kulipwa? Nikaona ni hela inatupwa.

Sasa hebu niwape menyu yetu ilivyokua, isomeni taratibu: Nyumbani, Kuhusu Sisi, Maono na Dhamira, Uongozi, Idara, Huduma, Matukio, Habari, Rasilimali, Vyombo vya Habari, Galari, Ungana Nasi, Wasiliana Nasi. Ukiweka mshale kwenye Idara inafunguka orodha ya idara kumi na moja, nusu yake ni vifupisho ambavyo hata mi ilibidi nimuulize katibu. Na saa za ibada zilikua wapi? Kuhusu Sisi, peji ya tatu, chini kabisa baada ya historia ya kanisa. Mimi mwenyewe ndo niliziweka hapo.

Kitu cha kwanza alichofanya hakikua kwenye kompyuta kabisa. Alimuomba dada wa ofisini aweke daftari pembeni ya simu wiki mbili, kila anaepiga aandike swali moja tu alilouliza, bila jina. Alafu akaniomba nimfungulie ile Search Console ya Google aone watu wanaandika maneno gani mpaka wanatufikia. Vitu viwili hivyo, bure kabisa, mngeweza kufanya wenyewe leo. Daftari lilivyorudi tukalisoma pamoja, na aisee hakuna mtu hata mmoja aliyepiga simu kuuliza dhamira yetu. Ibada saa ngapi. Mko wapi, nikishuka kituoni napita wapi. Mtoto anabatizwaje, inabidi wazazi wawe wamefunga ndoa? Namba ya kutumia sadaka. Mchungaji yupo ofisini lini. Ndugu yetu amefariki tunamuona nani. Hayo ndo yalijirudia ukurasa baada ya ukurasa, mengine yalikua moja moja.

Akalinganisha na menyu. Yale maneno kumi na tatu, akasema, kila moja lina mwenyewe kwenye kikao chenu. Idara ya habari inataka Habari, kamati ya picha inataka Galari, wazee wanataka Uongozi iwe juu. Menyu yenu ni orodha ya mahudhurio ya kikao. Nilicheka lakini iliniuma maana ni kweli, mi nilikua naongeza tu kila idara ikiomba, nani nimkatalie?

Alafu likaja zoezi la kadi, na hapa ndo nilianza kubadilika. Alichukua kila peji tuliyonayo akaiandika kwenye kadi, kadi arobaini na kitu, bila kutumia jina tunalolitumia sisi bali kilichomo ndani. Mfano hakuandika "Idara ya Ustawi", aliandika "msaada kwa familia iliyopungukiwa". Akaweka meza mbili ukumbini baada ya ibada, akaita watu wa kila namna, mzee wa kanisa, vijana wawili, mama wa kikundi cha wanawake, mgeni ambae ndo mara yake ya pili kuja, akawaambia zipangeni mafungu mnavyoona wenyewe zinaendana, alafu kila fungu mlipe jina. Yeye kakaa kimya anaandika.

Yule mzee alipanga vizuri kabisa kama muundo wa kanisa, ofisi ya mchungaji, baraza, idara. Mama alipanga kwa maisha: hivi vya watoto, hivi vya ndoa, hivi vya msiba, hivi vya Jumapili. Mgeni yeye alichukua kadi sita tu, nyingine akasema "hizi sijui zinanihusu nini" akazisukuma pembeni. Sita! Saa za ibada, mahali, sehemu ya kuegesha gari, watoto wanakaa wapi wakati wa ibada, mahubiri yaliyopita, na namba ya kupiga. Nikaangalia lile fungu alilolisukuma, karibu kazi yangu yote ya miaka miwili ilikua mle.

Lakini utamu wote uko kwenye majina. Hapa ndo hela yetu ilipofanya kazi na kama mnapanga menyu wenyewe sikilizeni vizuri sehemu hii.

Neno Huduma. Kwetu sisi wa ndani Huduma ni huduma za kanisa, uinjilisti, magereza, hospitali. Mgeni akiona Huduma anafikiri ni vitu anavyoweza kupata, kama ofisi inavyotoa huduma. Na wengine wanne walibonyeza Huduma wakitafuta saa za ibada! Neno moja, maana tatu, na lote liko juu kabisa ya tovuti. Alafu Rasilimali. Nani alituambia tuweke Rasilimali? Ni kutafsiri tovuti za watu tu. Ndani yake kulikua na masomo ya kujifunza Biblia na fomu za kudownload. Mama mmoja alipoulizwa anategemea kukuta nini akibonyeza Rasilimali akajibu bila kusita, "viwanja vya kanisa na magari." Ukumbi mzima ulicheka na mi nikacheka, ila nikawaza ni wangapi wamepita hapo wakaona mali za kanisa hazinihusu. Ungana Nasi nayo, wengine walidhani ni kuwa muumini rasmi, wengine wakadhani ni Facebook. Na Matukio na Habari, ukimuuliza mtu tofauti yake ni nini anakutolea macho, maana kanisani kila kitu kinaitwa tangazo.

Kwahiyo sheria yake ilikua rahisi: tumia neno ambalo muumini analisema mdomoni akiwa mlangoni, sio neno la kwenye katiba ya kanisa. Mtu husema "mahubiri", hasemi "vyombo vya habari". Husema "sadaka", hasemi "changia maono".

Baada ya wiki kadhaa akaleta mti wa menyu, maandishi matupu hayana rangi wala picha, akawapa watu kazi: mnatafuta hiki, niambieni mngebonyeza wapi. Aliwapima watano, akarekebisha, akapima watano wengine. Mi nikamuuliza watano tu? Akanieleza kwamba Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama tovuti ni rahisi kutumia, aliandika tangu mwaka 2000 kuwa kupima na watu watano, kurekebisha, na kurudia, kunakupa faida kuliko kupima kundi kubwa mara moja. Nilikua na mashaka nikakaa pembeni kuangalia, na kwenye mtu wa tatu tayari tulikua tunaona makosa yale yale yanajirudia.

Kuna mama mmoja sitamsahau. Dada wa menyu akamwamkia, "Shikamoo mama, chukulia kuna msiba umetokea kwenu usiku huu, unatafuta wa kuongea nae kanisani, ungebonyeza wapi?" "Marahaba mwanangu," akasogeza karatasi, akaweka kidole kwenye Idara. Akatoa. Akaweka kwenye Uongozi, akatoa. Akaenda Wasiliana, akakaa hapo, akasema, "Hii si ndo ile ya kujaza fomu?" Ni kweli ilikua ya kujaza fomu. "Mtu kafiwa anajaza fomu?" Hakuna aliyemjibu. Siku ileile mchungaji akasema msiba uwekwe kwenye menyu, na namba ya simu ya zamu iandikwe yenyewe pale, sio fomu.

Menyu iliyobaki ni hii: Mgeni, Ibada, Mahubiri, Vikundi, Tukusaidie Nini, na kitufe kimoja chenye rangi tofauti, Toa Sadaka. Basi. Ibada inafungua saa, mahali, ramani, na watoto wanaenda wapi. Tukusaidie Nini ina ubatizo, ndoa, msiba, maombi, ushauri, kumuona mchungaji. Idara zote kumi na moja zimeingia kwenye Vikundi lakini hazijaandikwa kwa vifupisho, zimeandikwa "Vijana", "Wanaume", "Kwaya". Historia, maono, uongozi havijafutwa, viko mstari wa chini kabisa wa kila peji na ndani ya Mgeni, anaevitaka anavikuta.

Kikao cha kupitisha hiyo menyu kilichukua muda kuliko kazi yenyewe. Mzee mmoja ninaemheshimu sana alisimama akasema menyu lazima iwe na vitu saba maana sayansi imethibitisha akili ya binadamu inashika saba. Hii utaisikia sana. Ni utafiti wa mwanasaikolojia George Miller wa mwaka 1956 na unahusu kukumbuka vitu kichwani kwa muda mfupi, sio kusoma orodha iliyo mbele ya macho yako, menyu huhitaji kuikariri kwani iko pale pale. Dada alimjibu kwa adabu sana, "Baba, hata tukiweka tisa haitaleta shida kama maneno yanaeleweka, shida ni kwamba hapa tukifika saba, wa nane atauliza kwanini sio yeye." Mzee akacheka akakaa. Na ile nyingine kwamba mtu akibonyeza mara tatu hajapata anaondoka, nayo mtafiti wa tovuti Joshua Porter aliipima akachapisha mwaka 2003 na haikuwa hivyo, watu wanaendelea tu kubonyeza kama kila hatua inawaonyesha wanakaribia. Kilichoniingia ni hicho, kila hatua imwambie mtu anakaribia. Ile ya kwetu mtu alikua anabonyeza mara moja tu na anapotea.

Sasa malalamiko, maana sijaja hapa kumpigia debe.

Kwanza alichelewa. Sio siku mbili, ni wiki, na meseji anajibu usiku. Kazi ya kanisa watu wanadhani ni ya kusubiri tu, hata ukilipa.

Pili ile ripoti. Kurasa thelathini na moja. Za maana kwetu zilikua nne. Zingine michoro yenye mishale na maneno ya kitaalamu ambayo nilipompelekea katibu wa kanisa alinirudishia akaandika juu "naomba tafsiri". Ukimpata mtu wa kazi hii mwambie mapema ripoti iwe ya kusomeka na wazee wa kanisa maana wao ndo wanapitisha.

Tatu, na hii ndo ilinikasirisha haswa, kwenye simu alificha kila kitu ndani ya ile alama ya mistari mitatu. Najua kila tovuti inafanya hivyo, alama yenyewe ni ya zamani, Norm Cox aliichora kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981. Lakini kila ninaemuona kanisani anafungulia simu, ukificha menyu yote umerudisha tatizo lilelile, mtu anaona picha ya kwaya na mistari mitatu pembeni. Na hili halikua siri, Nielsen Norman Group, kampuni ya huyohuyo Nielsen, walishapima mwaka 2016 wakaona menyu iliyofichwa watu wanaitumia kidogo kuliko inayoonekana. Nikambana, akabadilisha: Ibada na Toa Sadaka zinabaki nje zinaonekana muda wote, zilizobaki ndani, na pembeni ya ile mistari pameandikwa neno Menyu. Kitu kidogo hicho cha kuandika neno kimesaidia sana wazazi wetu, kabla ya hapo walikua wanadhani ni urembo.

Nne, linki za zamani. Hapa nusura nilie. Siku tuliyobadilisha menyu anwani za peji nyingi zilibadilika, na hakuna mtu aliyefikiria kwamba ile linki ya zamani ya sadaka ipo kwenye magrupu ya WhatsApp ya kanisa lote, na ile QR iko imechapishwa kwenye karatasi za matangazo za miezi mitatu. Jumapili asubuhi watu wanaskani, inakuja "ukurasa haupo". Mhazini alinitazama vile mhazini anavyotazama. Nilikesha siku ile kuweka uelekezaji wa 301 kwa kila anwani ya zamani, moja baada ya nyingine, ili anaebonyeza ya zamani apelekwe mpya yenyewe. Hii ilitakiwa iwe ukurasa wa kwanza wa ripoti yake na haikuwepo hata kwenye ule wa thelathini na moja. Kabla hujabadilisha menyu yoyote andika orodha ya anwani zote za zamani na kila moja inakwenda wapi, ndo ubadilishe.

Nimpe haki yake kwenye kitu ambacho sisi tusingekiwaza kabisa. Kwenye kwaya yetu kuna kaka haoni, anatumia simu inayomsomea. Dada wa menyu alimuomba afungue tovuti yetu ya zamani mbele yetu. Tukakaa tunasikiliza ile sauti: Nyumbani, kiungo. Kuhusu Sisi, kiungo. Maono na Dhamira, kiungo. Ikaenda yote kumi na tatu, ikaingia idara kumi na moja, vifupisho vinasomwa herufi moja moja, tumekaa tu. Akafungua peji ya pili, ikaanza upya. Kaka akasema, "Huwa naachaga hapa, nampigia mtu simu." Sasa hivi kitu cha kwanza simu inachomsomea ni kiungo cha kuruka menyu kwenda kwenye maneno yenyewe, na ile orodha ya kufunguka ukipitisha mshale imetolewa, inafunguka kwa kugusa, maana kwenye simu hakuna mshale wa kupitisha. Vitufe navyo vimekua vikubwa. Ule mwongozo wa WCAG 2.2 wa mwaka 2023, wa tovuti kufaa hata kwa wenye ulemavu, unataka sehemu ya kugusa isipungue pikseli 24 kwa 24, sisi tumeweka karibu mara mbili yake kwasababu vidole vya mzee wangu navijua.

Kwa hiyo nampa nyota nne kwa tano. Nyota iliyokatwa ni ya zile linki, ile ya kuchelewa nimemsamehe. Kama kanisa lenu lina peji tano sita, msilipe mtu, chukueni daftari pembeni ya simu, kadi za karatasi na watu watano mkae nao baada ya ibada, mtafika mbali. Kama mna idara nyingi na kila mtu anataka jina lake juu, mlipeni mtu wa nje, hata kama anachojua yeye na wewe unakijua, maana mtu wa nje anaweza kumwambia mzee "hapana" na Jumapili akaendelea na maisha yake, wewe mtakutana mlangoni.

Simu za ofisini za kuuliza saa za ibada zimepungua, dada wa ofisini ameniambia mwenyewe, sina hesabu yake. Za msiba bado zinakuja usiku kwenye namba ya zamu, ndo ilivyotakiwa. Juzi vijana wameleta barua wanaomba "Kongamano" liwekwe kwenye menyu ya juu, kwa muda tu, mpaka liishe. Nimewajibu waniletee watu watano.